TUSIMWACHE WA NYUMA: KUENDESHA MAGARI KWA MSAFARA JANGWANI CHALBI

Ndugu msomaji, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeimba tangu shule ya msingi mpaka imetuchosha, na mimi nilikuwa naichomeka ndani ya insha ili nipate alama tu. Lakini likizo ya Agosti iliyopita niliielewa kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa ndani ya gari katikati ya jangwa la Chalbi, moyo ukinidunda kama ngoma. Ndiyo maana nilipoombwa makala ya jarida la chama chetu, niliamua kueleza jinsi magari yanavyosafiri jangwani kwa msafara, hasa kwa madereva ambao ndio wanaanza.

Kabla hujanicheka, naomba niseme wazi kwamba mimi siendeshi gari. Nina miaka kumi na sita, na sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kupata leseni ya gari. Hata hivyo, mjomba wangu ni dereva wa miaka mingi wa huku kwetu kaskazini, na kiti cha mbele kando yake nimekizoea kama dawati langu la darasani. Maarifa nitakayoyaeleza ni yake. Kosa nitakalolieleza ni langu.

Kwanza, Chalbi ni mahali gani? Baadhi ya walimu wetu wametoka mbali na hawajafika huko. Mtu akisikia neno jangwa hufikiria milima ya mchanga kama ile ya Sahara. Chalbi si hivyo. Ni uwanda mpana, tambarare kama meza, ulio kati ya mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Zamani za kale hapo palikuwa na ziwa. Ziwa lilikauka, chumvi ikabaki juu ya udongo. Ukisimama katikati yake huoni mti wala jiwe, ni weupe mtupu mpaka macho yanauma. Pembezoni ndiko kuna vituo kama Maikona, Kalacha na North Horr, ambako Wagabra hunywesha ngamia wao katika visima na chemchemi.

Hatari ya Chalbi iko chini. Juu kuna gamba kavu la udongo na chumvi, mfano wa utando juu ya uji uliopoa. Mahali pengine gamba hilo ni gumu na gari hukimbia kama liko kwenye lami. Mahali pengine limefunika tope ambalo halijakauka tangu mvua iliponyesha. Kwa jicho la mgeni, yote ni meupe sawasawa.

Sasa nirudi kwa safari yetu. Tulikuwa tunaenda Kalacha kwa arusi, magari matatu. La kwanza liliendeshwa na mzee mmoja, rafiki ya mjomba, ambaye amepakia mbuzi na ngamia katika lori miaka mingi na anaijua Chalbi kama kiganja chake. La pili lilikuwa la mjomba, na mimi nilikuwa kando yake. La tatu lilikuwa la binamu yangu anayefanya kazi Nairobi. Lilikuwa gari zuri, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, linang'aa kama sarafu mpya. Alikuwa amekuja nalo kwa lami kutoka Isiolo hadi Marsabit bila taabu yoyote. Ndani yake aliwabeba nyanya na mdogo wangu wa miaka tisa, kwa sababu viti vyake vilikuwa laini.

Jioni kabla ya safari mjomba alitupanga barazani na kukagua kila kitu. Hapo ndipo msafara huanza, wala si barabarani. Kila gari lilipaswa kuwa na maji yake lenyewe, lita kumi kwa kila mtu, mbali na maji ya rejeta. Usiweke maji yote katika gari moja, maana gari hilo likipotea, maji nayo yamepotea. Kila gari pia libebe beleshi, jeki na ubao wa kuweka chini ya jeki isizame, tairi la ziada, kamba ya kuvutia, na mafuta ya kwenda na kurudi. Tena mtu anayebaki nyumbani aambiwe mtapita njia gani na mtafika saa ngapi, ili msipofika ajue pa kuanzia kutafuta. Sehemu nyingi katikati ya jangwa simu haishiki mtandao, ni saa tu ya kutazama.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali. Barabara ya kushuka mlima ni ya mawe meusi ya volkano. Tulipofika pale udongo mlaini unapoanzia, mjomba alishuka akapunguza upepo katika tairi zote za magari yote matatu, kutoka 35 hivi mpaka 18. Binamu alishtuka.

"Mjomba, si zitapasuka?"

"Zitapasuka ukikimbia nazo hivyo kwa mawe," mjomba akamjibu. "Hapa ni ngamia tunamwiga."

Wenzangu mnaosoma Fizikia mtaelewa upesi. Punda ana kwato ndogo na ngumu, kwa hiyo uzito wake wote unakaa mahali padogo na mguu unazama. Ngamia ana wayo mpana na mlaini unaotandazika akikanyaga. Tairi lililopunguzwa upepo nalo hutandazika, likashika eneo kubwa zaidi la ardhi, na uzito ule ule ukagawanyika. Lakini usipunguze kupita kiasi, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Ukirudi kwenye mawe sharti ulijaze tena, ndiyo sababu ya kubeba pampu inayofungwa kwa betri.

Baada ya hapo mzee alitoa sheria za kuendesha. Usifunge breki ghafla wala kukata usukani ghafla, kwa kuwa tairi litachimba shimo lake lenyewe. Chagua gia moja ya nguvu uende mwendo usiobadilika. Fuata alama za magurudumu ya aliyetangulia. Kama zimembeba yeye, huenda zikakubeba wewe pia. Usimkaribie sana, maana utakula vumbi lake na hutaona mbele. Ardhi ikigeuka rangi kuwa ya hudhurungi iliyokolea, jua kuna unyevu, ikwepe. Na mvua ikinyesha Chalbi, rudi au uzunguke mbali, usijaribu bahati yako.

Kisha akataja sheria aliyoiita mama wa sheria zote. Nilidhani itakuwa juu ya yule aliye mbele, kumbe ilikuwa juu ya aliye nyuma. Alisema, "Kila dereva ana mtoto mmoja, na huyo mtoto ni gari lililo nyuma yake. Usipomwona kwa kioo, punguza mwendo. Ukikosa kumwona bado, simama. Usipomwona ukiwa umesimama, rudi." Ukifikiria, sheria hiyo ina hekima kubwa. Wa mbele hawezi kuyachunga magari yote, lakini kila mmoja akimchunga mmoja tu, msafara wote umechungwa, uwe wa magari matatu au ishirini. Wa nyuma akisimama, anayemtangulia atasimama, na habari itapanda mpaka kwa kiongozi bila simu wala redio.

Mjomba akanigeukia. "Kioo cha upande wako kitazame wewe. Mimi nitatazama njia." Nikajibu, "Sawa mjomba," nikajiona nimepandishwa cheo.

Kulikuwa na kosa jingine pale ambalo hakuna aliyelishtukia. Binamu aliomba awe wa mwisho kwa sababu hakutaka kuharakishwa, na wazee wakamkubalia. Anayeanza hafai kuwa wa mwisho. Huwekwa katikati, nyuma ya kiongozi, ili awe na wa kumfuata na wa kumsaidia. Wa mwisho awe dereva aliyekomaa, mwenye kamba na vifaa, kwa sababu nyuma yake hakuna mtu mwingine isipokuwa upepo.

Tukaingia Chalbi. Kwa muda nilifanya kazi yangu vizuri. Nilikuwa naona vumbi la binamu kwenye kioo, jeupe kama moshi wa kuni mbichi. Halafu mbele yetu nikaona ziwa. Lilikuwa zuri ajabu, maji yanametameta na mfano wa miti kando yake. Nikalikodolea macho. Mjomba akacheka, akaniambia hayo ni mazigazi. Hewa iliyo karibu na ardhi ikipata moto sana huupinda mwanga, ukaona kipande cha mbingu kimelala chini, ukadhani ni maji. Nikamwuliza maswali, akanijibu, nikauliza mengine. Nilipokumbuka kioo, hakukuwa na vumbi.

"Mjomba, simwoni binamu."

"Tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, wala si kwamba gari limepotea, bali kwamba sikujua limepotea tangu lini. Inaweza kuwa dakika mbili, inaweza kuwa ishirini. Mjomba hakunigombeza. Alisimama, akazima injini, tukasikiliza. Upepo tu. Nilimfikiria mdogo wangu, nikaanza kulia kimya kimya. Mjomba akapanda juu ya gari akatazama, hakuona kitu. Akaligeuza gari, akaanza kufuata alama zetu wenyewe kurudi nyuma, polepole, akinionya nitazame kama kuna alama zinazochepuka.

Tukaziona. Binamu alikuwa amechoshwa na vumbi letu, akatoka kwenye njia akidhani atapita sambamba nasi. Tulilikuta gari limezama upande mmoja mpaka ekseli, gamba limepasuka, tope jeusi linanuka chumvi. Alikuwa amekanyaga mafuta kwa nguvu ili atoke, na kila alipokanyaga ndivyo lilivyozama.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gari pamoja na mdogo wangu, ametandika leso, wametulia kama wako nyumbani. Binamu alikuwa amesimama na chupa mkononi, viatu vimejaa tope. Alipoona tumekosa kurudi, alitaka kutembea kwa miguu mpaka kwenye lile "ziwa" akatafute watu. Nyanya ndiye aliyemzuia. Alimwambia, "Kijana, hapo hakuna maji na hakuna watu. Kaa na gari. Gari inaonekana mbali, wewe huonekani."

Wasomaji wapenzi, shikeni neno la nyanya. Gari lina kivuli, lina maji, na anayekutafuta atafuata alama zake. Mtu anayetembea jangwani saa sita za mchana ananyauka upesi, na hakuna anayejua aelekee wapi kumtafuta.

Kabla hatujaanza kuchimba, tuliona vumbi likija. Ni mzee! Yeye alipotukosa kwenye kioo chake alisimama, kisha akarudi, kama alivyotufundisha. Mama wa sheria alikuwa amefanya kazi pale ambapo mimi sikumvunja.

Kazi ya kulitoa gari ilikuwa hivi. Watu wote na mizigo yote tulishuka. Tope likachimbwa mbele na nyuma ya kila tairi, na chini ya tumbo la gari ili lisilale juu ya udongo. Magunia na mazulia ya garini yakatandikwa. Gari la kuvuta likabaki kwenye ardhi ngumu, likavuta kuelekea nyuma, njia ile ile gari lilikoingilia, kwa sababu kule ndiko ardhi ilikuwa imelibeba. Kamba ilifungwa kwenye ndoano ya chasisi, si kwenye bampa. Na sisi wengine tulifukuzwa tukasimame mbali kuliko urefu wa kamba, maana kamba ikikatika hurudi kama mjeledi na inaweza kuua mtu. Mara ya kwanza lilikataa. Mara ya tatu likatoka, likitoa sauti kama mtu anayevuta mguu kwenye gumbuti lililojaa maji.

Tuliingia Kalacha alasiri. Nilipoiona mikoma yake kwa mbali sikuamini mpaka nilipoigusa, nikidhani ni mazigazi tena. Arusi ilikuwa imeanza. Wakati wa kurudi binamu aliwekwa katikati na mjomba akawa wa mwisho. Mimi niliomba nikae katika gari la mzee, upande wa kioo. Nilimtazama binamu njia nzima, hata shingo ikaniuma, na mzee alipotaka kunionyesha mbuni nilimwambia ataniambia tukisimama.

Kila mwaka wageni wanapita kwetu wakielekea Ziwa Turkana, na baadhi yao wanadhani gari zuri linatosha. Baadhi yenu mtakuwa madereva, wauguzi au walimu mtakaopangiwa kazi North Horr. Siku hiyo ikifika, pimeni upepo wa tairi, bebeni maji, na mkumbuke kioo. Usiulize tu nani yuko mbele yako. Uliza nani yuko nyuma, na mara ya mwisho ulimwona lini.

Hadi toleo lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.