Mtungi wa gesi ukiisha shags, nani anaujaza?

Komarock wengi tunapika kwa gesi. Desemba ikifika, kijana anamnunulia mama mtungi wa kilo 6, anaupeleka shags kwa matatu. Kufikia Machi umeisha, umegeuka stuli, naye mama amerudi kwa kuni na mafiga matatu. Ndiyo maana ukimpigia simu jioni anakohoa.

Si homa hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa jikoni uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, kupitia nimonia, kiharusi, maradhi ya moyo na ya mapafu.

Serikali iliondoa VAT kwa gesi 2023, lakini kuni za shambani hazilipiwi. Kwa hivyo ukituma pesa ya sukari, tuma pia ya kujaza mtungi.