Kisogo Kinachosoma

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, kabla hujafika Usa River unapita Tengeru. Huko ndiko kilipo Chuo cha Ualimu Patandi, ambako Tanzania huwaandaa walimu wa elimu maalum, wale watakaowafundisha wanafunzi wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Anayesomea kuwafundisha wasioona hana budi kujua nukta nundu. Na yeyote aliyewahi kuwafundisha nukta nundu watu wanaoona anajua jambo moja: wengi wao huishia kuzisoma kwa macho. Huuinamisha ukurasa upande wa mwanga, vivuli vya nundu hujitokeza, na macho hufanya kazi iliyokusudiwa vidole. Mwambie mtu huyo afumbe macho apitishe kidole, na mstari alioumaliza sasa hivi unamgeukia kuwa mkwaruzo mtupu wa msasa.

Kwa muda mrefu watu waliridhika na maelezo kwamba asiyeona ana vidole vyepesi kwa kuwa amezoea. Maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini tangu miaka ya 1990 tunajua jambo kubwa zaidi, na naamini halijafika vya kutosha kwenye meza za wakutubi wa vyuo vyetu: kwa mtu aliyepoteza uoni utotoni, nukta nundu husomwa kwa msaada wa sehemu ile ile ya ubongo unayoitumia wewe sasa hivi kuyaona maneno haya.

Mfumo wenyewe ni mdogo kwa umbo. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka akiwa mtoto mdogo kwa ajali katika karakana ya baba yake, aliuchapisha mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20. Kila herufi hukaa katika kisanduku cha nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia, na mipangilio ya nukta hizo hutoa alama 63. Kutoka nukta moja hadi jirani yake ni takribani milimita 2.5, na kila moja imeinuka kiasi cha nusu milimita tu. Ncha ya kidole huifunika herufi nzima kwa mara moja. Hapo ndipo ulipo werevu wa kijana yule, kwa sababu vitabu alivyovikuta shuleni vilikuwa na herufi za kawaida za wino zilizoinuliwa juu ya karatasi, na kidole kililazimika kuzizunguka moja baada ya nyingine.

Mwaka 1996, Norihiro Sadato, Mark Hallett na wenzao nchini Marekani walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Waliwalaza watu wasioona katika mashine inayoonyesha damu inaelekea wapi ubongoni, wakawapa nukta nundu wazisome. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huvuta damu zaidi, na mashine huliona ongezeko hilo. Kisogoni, nyuma kabisa ya kichwa, ndiko lilipo eneo ambalo kwa mtu anayeona hupokea habari kutoka machoni. Kwa asiyeona mtu angedhani eneo hilo limelala. Halikuwa limelala. Kidole kilipopita juu ya nukta, damu ilielekea kisogoni. Watu wanaoona walipopewa kazi ya kupapasa, eneo hilo hilo lilipunguza kazi badala ya kuongeza.

Msomaji makini atauliza kama damu hiyo si kelele tu za jirani, yaani kisogo kinachangamka bila kuchangia chochote. Wanasayansi nao walijiuliza, na mwaka 1997 Leonardo Cohen na wenzake walileta jibu. Walitumia sumaku yenye nguvu, ikiwekwa nje ya fuvu, ambayo huvuruga kwa kitambo kifupi kazi ya kipande cha ubongo kilicho chini yake. Walipoielekeza kisogoni mwa watu waliopofuka tangu utotoni, wasomaji hodari walianza kukosea. Baadhi walisema nukta zimepotea, wengine walihisi nukta ambazo hazikuwepo kwenye karatasi. Kwa watu wanaoona, sumaku iliyoelekezwa kisogoni iliwavuruga walipotazama herufi, lakini haikuwazuia kuzitambua kwa vidole. Kisha mwaka 2000 kikachapishwa kisa cha mwanamke aliyezaliwa asiyeona, msomaji mahiri wa nukta nundu, aliyepata kiharusi kilichoharibu kisogo pande zote mbili. Vidole vyake vilikuwa vizima. Alizihisi nukta vizuri kabisa. Hakuweza tena kusoma.

Kisa hicho hunigusa kila ninapokifikiria, kwa sababu kinafuta dhana iliyokaa kwetu bila kutamkwa, kwamba anayesoma kwa vidole anafanya kitu cha mfano wa kusoma, cha kujisaidia tu. Mama yule alipoteza kusoma kwa njia ile ile ambayo mtu mwenye macho mazima anaweza kupoteza uwezo huo: kiharusi ubongoni.

Na yule mwanachuo anayesoma nundu kwa macho? Wapo watafiti wa Boston waliowafunga vitambaa vya macho watu wanaoona, usiku na mchana kwa siku tano, huku wakifundishwa nukta nundu. Waliofungwa walijifunza upesi kuliko wenzao waliofundishwa bila kufungwa kwa muda wote huo. Siku ya tano kisogo chao kilianza kuitika mguso wa vidole. Kitambaa kilipoondolewa, ndani ya siku moja mwitiko huo ulitoweka. Siku tano ni chache mno kwa ubongo kujenga barabara mpya. Wengi wanaona hii ni dalili kwamba njia kati ya kidole na kisogo ipo ndani yetu sote, imefunikwa tu na wingi wa habari za macho.

Njia hiyo haifunguki kwa usawa katika umri wote. Utafiti mwingine wa kundi la Cohen, wa mwaka 1999, ulionyesha kwamba sumaku ya kisogoni haikuwavuruga waliopofuka baada ya umri wa miaka 14 hivi. Hawa wanaweza kujifunza nukta nundu, na wengi hujifunza, ila kwa jasho zaidi na mara nyingi kwa mwendo wa polepole. Kwa maktaba ya chuo tofauti hii ni kubwa. Kijana aliyeanza nukta nundu darasa la kwanza na mhadhiri wa miaka 50 ambaye presha ya macho au kisukari kimemnyang'anya uoni wote huandikwa kwenye orodha moja ya wasioona. Wa kwanza atadai nukta. Wa pili huenda akatumikiwa vizuri zaidi na sauti. Mkutubi anayeuliza tu kama mtu anaona au haoni ameuliza swali pungufu. Anatakiwa kuuliza: uliacha kuona lini, na ulijifunza kusoma kwa macho au kwa vidole?

Sisemi sauti ni ya daraja la pili. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kwa waliozaliwa bila kuona kisogo huitika hata wanaposikiliza sentensi. Lakini mwanafunzi wa sheria anataka kujua mkato umekaa wapi katika kifungu. Mwanafunzi wa kemia anataka kujua namba ipi iko juu na ipi iko chini. Sauti humeza mambo hayo. Vivyo hivyo msomaji wa kulipwa, au rafiki wa bwenini anayesoma kwa hisani hadi usiku, husoma kwa mwendo wake, huruka asichokielewa, na hachukuliki kwenda naye kitandani kurudia ukurasa wa 47. Ni haki ya mwanafunzi kukutana na kitabu akiwa peke yake.

Nukta nundu za karatasi zina uzito wake, kwa maana halisi. Mashine ya Perkins, inayogonga nukta kwa vitufe sita, ni chuma cha kilo karibu tano. Kitabu kimoja cha wino huzaa majuzuu kadhaa mapana, na Biblia nzima hujaza rafu. Hakuna maktaba kati ya Arusha mjini na Usa River itakayoweka kila kitabu cha kozi kwa namna hiyo. Kwa sababu hiyo kompyuta imekuwa mkombozi: faili moja linaweza kusomwa kwa sauti, kukuzwa herufi, au kupelekwa kwenye kibao cha nukta nundu chenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka chini ya vidole. Kibao hicho bado ni ghali sana. Sauti si ghali. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa na Mwaustralia Michael Curran mwaka 2006, kisha akajiunga naye James Teh, hutolewa bure, na hufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida zilizojaa katika maabara za vyuo.

Ndani ya faili ndimo kikwazo kikubwa cha siku hizi kilimojificha, na wanaoona hawakitambui. Mhadhiri huchukua sura ya kitabu, huipeleka stesheneri, inaskaniwa, inarudi ikiwa pdf, inasambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa macho ni kitini safi. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha, na picha haina herufi hata moja. Mwanafunzi asiyeona hufungua na kukuta kimya. Dawa yake si mpya: mwaka 1976 Ray Kurzweil wa Marekani alizindua mashine iliyosoma vitabu vya wino kwa sauti, yenye ukubwa wa mashine ya kufulia, na kazi ile ile ya kuitambua herufi ndani ya picha leo hufanywa na simu ya mkononi. Maandishi ya Kiswahili hayaisumbui sana kazi hiyo, maana herufi zetu hazina vikorombwezo. Sauti ndiyo husumbua pale lugha mbili zinapokutana katika ukurasa mmoja, kama ilivyo kawaida ya vitini vyetu. Sauti ya Kiswahili ikisoma Kiingereza, au kinyume chake, masikio hupata uji. Aliyeandaa faili akiweka alama ya lugha katika kila sehemu, programu hubadili sauti yenyewe.

Wapo wakutubi wanaohofia hakimiliki, na hofu yao ina msingi. Ila Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, uliandikwa kwa ajili hiyo: unazitaka nchi wanachama ziruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona na wenye matatizo mengine ya kusoma maandishi ya wino bila kuomba kibali cha mwenye haki, na kuzivusha mipaka. Kenya na Uganda zilitangulia kujiunga, na Tanzania ikafuata mwaka 2020. Nakala iliyotengenezwa Nairobi haihitaji kutengenezwa upya Tengeru.

Wenye uoni hafifu husahaulika zaidi ya wasioona kabisa, kwa sababu wanatembea bila fimbo. Mtu mwenye ualbino ana sehemu ya katikati ya jicho ambayo haikukomaa, macho yanayochezacheza yenyewe, na mwanga mkali unamuumiza. Miwani humsaidia kwa kiasi tu. Meza nzuri kuliko zote kwa wengine, ile ya dirishani yenye Mlima Meru mbele, kwake ni adhabu. Anahitaji kiti kinachoupa mwanga mgongo, kioo cha kukuzia, na ruhusa ya kuusogeza ukurasa hadi puani bila kushangaliwa.

Na katika nchi hii ya Meru ngazi nazo zina habari yake. Miamba ya volkeno imetia floraidi nyingi katika chemchemi na visima vya upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto, mahali pengine mara kadhaa ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi hujipenyeza ndani ya madini ya mfupa unaokua. Meno ya kahawia kila mtu anayajua. Wapo pia waliokua wakiwa na miguu iliyopinda, na viungo vyao huzidi kukakamaa kadiri umri unavyosogea. Mfanyakazi au mwanachuo wa namna hiyo hapandi ghorofa ya pili kufuata kitabu kimoja. Panahitajika njia ya mteremko isiyozidi kimo cha sentimita 1 kwa kila urefu wa sentimita 12, na mahali ambapo jengo halikubali, kitabu ndicho kishuke.

Ya jengo yatachukua bajeti na miaka. Ya faili yanaweza kuanza leo jioni, katika ofisi ya mhadhiri yeyote. Fungua kitini ulichowatumia wanafunzi. Jaribu kuchagua neno moja tu kwa kipanya, au litafute kwa kisanduku cha kutafutia. Neno likikubali kuchagulika, programu itakuwa na cha kusoma. Ukurasa wote ukishikika kwa pamoja kama picha, kirudishe maktaba kikapitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha akisikilize mwanafunzi asiyeona kabla ya darasa zima, maana yeye ndiye atakayeyasikia makosa ambayo macho huyaruka.