Kabla ya kusema winga wa Bariadi hana pumzi

BARIADI. UKITAKA kujua kama kiangazi kimeshaingia Simiyu, nenda kaangalie mechi ya mchangani saa 10 jioni. Winga akimkimbiza beki mara moja tu pembeni mwa chaki, mashabiki waliokaa juu ya bodaboda zao hawaoni tena mpira, wanaona vumbi.

Dakika ya 60 winga yule yule anashika kiuno. Dakika ya 70 anaomba kutoka. Nje ya uwanja hukumu inatolewa fasta: “Dogo ana mguu, ila hana pumzi.” Ni hukumu iliyowamaliza vijana wengi kabla hawajafika hata kwenye majaribio ya timu za Mwanza, achilia mbali Dar es Salaam.

Lakini ni wachache wanaouliza swali la pili. Hiyo pumzi anaivuta kutoka wapi?

MOSHI UNAKUJA NA MSIMU

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Miezi ya ukame, ndiyo hiyo hiyo malori ya pamba yanapopishana kwenye barabara za vumbi kwenda viwanda vya kuchambua. Mavuno yakiisha, mkulima anatakiwa kung'oa mabua na kuyachoma ili kuua wadudu wasirudi msimu unaofuata. Hapo moshi unaongezeka.

Ikifika jioni, muda ambao timu nyingi zinafanya mazoezi, majiko ya kuni na mkaa nayo yanawashwa mtaa mzima. Vumbi, moshi wa shambani na moshi wa jikoni vyote vinakutana juu ya uwanja mmoja.

Mtu aliyekaa kwenye benchi anavuta hewa lita sita hadi nane kwa dakika. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu zote anaweza kupita lita 100, tena nyingi kwa mdomo, bila kuchujwa puani. Chembe mbaya zaidi ni nyembamba mno, upana wa unywele mmoja unazizidi mara 30 hivi. Hizo haziishii kooni, zinakwenda hadi ndani kabisa ya mapafu.

PASI ZINAPUNGUA

Wanauchumi wa Ujerumani waliwahi kuchukua takwimu za mechi za Bundesliga za kuanzia mwaka 1999 hadi 2011 na kuzilinganisha na hali ya hewa siku ya mechi. Walikuta kwamba chembe chafu zikiongezeka hewani, pasi za wachezaji zinapungua. Na hao ni wachezaji wanaolishwa vizuri, wenye madaktari na nyasi safi.

Kwenye riadha, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2007, alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Beijing 2008 kwa kuhofia hewa chafu, kwa kuwa ana pumu. Alikimbia mita 10,000 na kumaliza wa sita. Hakuna aliyesema Haile hana pumzi.

DAR IMEANZA NA MABASI

Miji mikubwa imeshaanza kulicheza pambano hili. Dar es Salaam ilizindua mwendokasi Mei 2016 kwenye njia ya Kimara, Kivukoni na Kariakoo, na mwaka 2018 jiji hilo likawa la kwanza Afrika kupata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Hesabu yake ni rahisi: basi moja refu kwenye njia yake linabeba watu ambao wangejaza daladala kadhaa zinazopiga moshi kwenye foleni.

Shabiki aliyewahi kugombania mlango wa mwendokasi anajua kwamba bado kuna kazi. Mabasi yakiwa machache, watu wanarudi kwenye magari na bodaboda, na faida ya hewa inaondoka nao. Pembeni yake, bajaji na magari yanayotumia gesi asilia yameongezeka mjini.

Zamu ya Simiyu nayo inakuja. Treni ya umeme ya SGR ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kinapita Malampaka wilayani Maswa. Ikikamilika yote, shabiki wa Simba au Yanga kutoka huku ataweza kwenda kwa Mkapa kwenye dabi bila moshi wa basi la zaidi ya kilomita 1,000.

MECHI YA NYUMBANI NI JIKONI

Hata hivyo, kwa Bariadi mechi kubwa zaidi inachezwa jikoni. Serikali imekuwa ikitaja vifo 33,000 kila mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka 10 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umepanga mitungi 3,255 ya gesi yenye ruzuku kwa kila wilaya.

Mtungi huo una maana kubwa zaidi kwa soka la wanawake. Binti anayeota kuvaa jezi ya Twiga Stars mara nyingi ndiye anayepuliza kuni kabla ya mazoezi, na ndiye anayerudi kuzipuliza baada ya mazoezi. Anaingia uwanjani mapafu yakiwa yameshacheza kipindi cha kwanza.

Yapo pia yasiyosubiri bajeti kubwa. Mazoezi yanaweza kuhamia asubuhi kabla barabara hazijachangamka. Uwanja unaweza kumwagiwa maji kabla ya mechi pale yanapopatikana, na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi na Itilima unaongeza matumaini hayo. Miti inaweza kupandwa upande upepo unakotokea, na takataka zisichomwe nyuma ya goli saa za mchezo. Viongozi wa ligi za wilaya wanaweza kuyaandika kwenye kanuni, kama wanavyoandika rangi za jezi.

Kocha mwenye filimbi anaweza kuanzia hapo. Siku dogo akishika kiuno dakika ya 60, atazame kwanza hewa iliyo juu ya uwanja, ndipo aandike kwenye daftari lake kwamba hana pumzi.