Uuguzi wa fistula ya uzazi
Uuguzi wa fistula ya uzazi ni huduma anayopewa mwanamke anayevuja mkojo kupitia tundu kati ya kibofu na uke. Tundu hilo hutokana hasa na uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto hubana kibofu kwa muda mrefu kabla mama hajafika hospitali. Hatari huongezeka penye safari ndefu, kama kutoka Mang'ola hadi Karatu mjini.

Baada ya upasuaji, mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo (katheta). Kwa fistula isiyo ngumu, Shirika la Afya Duniani hupendekeza siku 7 hadi 10. Muuguzi hukagua mara kwa mara kwamba mpira haujajikunja wala kuziba, kwani kibofu kikijaa mshono unaweza kuachia. Pia humhimiza mgonjwa kunywa maji mengi.

Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo.