Oili ya Gia na Difu: Kazi ya Nyumbani Isiyotaka Pupa



Gari la familia leo limechukua nafasi ya punda wa wazee wetu. Ndilo lipelekalo watoto skuli na madrasa, ndilo limkimbizalo mgonjwa usiku wa manane, na ndilo litufikishalo Malindi au Vanga kunapotokea msiba. Kwa kuwa maisha yamepanda, wengi miongoni mwetu wameanza kulihudumia wenyewe katika nyua za nyumba zao. Jambo hilo twalisifu, kwani mwenye kujitegemea hupunguza mzigo wa nyumba. Lakini iko kazi moja ambayo twaona yapasa kuzungumzwa kwa utaratibu kabla ya mtu kushika spana, nayo ni kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu. Kazi hiyo humlaza mtu chini ya gari kwa muda mrefu, na mauti ya chini ya gari hayapigi hodi.

Tuanze kwa kuvijua vitu vyenyewe. Giaboksi ndiyo ipokeayo nguvu kutoka kwa injini na kuipunguza au kuiongeza kasi kwa mujibu wa gia. Difu huigawa nguvu hiyo kwa magurudumu mawili, na huliruhusu gurudumu la nje kuzunguka kwa kasi kuliko la ndani wakati gari linapokata kona. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama vile Toyota Hiace, difu ni lile bumbu la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, nalo lina oili yake mbali na ya giaboksi. Katika magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya giaboksi yenyewe. Kwa hivyo la kwanza ni kulijua gari lako, usije ukatafuta kisichokuwapo au ukasahau kilichopo.

Oili hizi hazichomwi kama ya injini, na kwa sababu hiyo husahauliwa hadi gari lianze kulia. Hata hivyo huchoka. Joto huzidhoofisha, na chembe za chuma zitokanazo na msuguano wa meno hujikusanya ndani yake. Vitabu vingi vya magari hutaja mabadiliko kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na mapema zaidi kwa gari libebalo mizigo mizito au lipitalo njia mbovu.

Kwetu pwani kuna sababu nyingine. Masika yanaposhuka na barabara zikageuka mito, difu iliyopata moto kwa mwendo huzama ghafula katika maji baridi. Hewa iliyomo ndani hujikunja, na kitundu cha kupumulia hufyonza maji. Oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya maziwa, haiwezi tena kulinda meno, na kutu huanza kazi yake. Aliyepita katika maji yaliyofikia difu na aikague oili mapema, asingoje kilomita zitimie.

Si kila gari lafaa kufanyiwa kazi hii nyumbani. Giaboksi ya gia za mkono na difu ya kawaida humfaa mtu makini mwenye vifaa. Gari la otomatiki lenye dipstiki ya giaboksi pia lawezekana, kwa uangalifu zaidi. Lakini giaboksi za otomatiki zisizo na dipstiki, ambazo kiwango cha oili hupimwa kwa kufuata joto maalumu, pamoja na zile za aina ya CVT, twashauri zipelekwe kwa fundi mwenye vyombo vya kuzipimia. Kumwachia kazi anayeijua si unyonge.

Kuchagua oili ni nusu ya kazi. Difu ya nyuma aghalabu hutaka oili ya daraja la GL-5, kwa kuwa meno yake huteleza juu ya mengine chini ya mzigo mkubwa. Giaboksi nyingi za gia za mkono hutaka GL-4, kwani ndani yake mna vipete vya jamii ya shaba visaidiavyo gia kuingia kwa ulaini, na baadhi ya dawa zilizomo katika GL-5 huweza kuila shaba hiyo. Uzito nao, kama 75W-90 au 80W-90, hufuata maagizo ya mtengenezaji. Otomatiki hutaka oili ya aina yake hasa, inayojulikana kama ATF, na ATF zenyewe si moja. CVT ina oili yake peke yake, na kuitilia nyingine ni kuiua. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake huwa kwa Kijapani. Asiyeweza kukisoma na aende kwa muuza vipuri mwaminifu na nambari ya chesisi, asikisie kwa kutazama rangi ya oili iliyo dukani.

Sasa tufike mahali penye uzito. Jeki ni chombo cha kuinulia gari, si cha kulishikilia. Mpira wake hupasuka, mguu wake huteleza, na gari hushuka kabla mtu hajatamka shahada. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma zinazoweza kuhimili uzito wake. Jiwe la matumbawe, tofali lenye matundu au gogo si badala ya stendi. Jiwe hupasuka bila kuaga.

Njia salama kuliko zote ni kutoliinua gari kabisa. Magari mengi ya kubeba mizigo na abiria yana nafasi ya kutosha chini yake, na kiwango cha oili hupimwa kwa usahihi gari likiwa sawasawa juu ya ardhi tambarare. Ikilazimu kuinua, basi liinuliwe mbele na nyuma lisimame juu ya stendi nne, ili lisiinamie upande mmoja. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, na jeki huzama ndani yake. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, au utafute mahali penye sakafu ya saruji.

Liko jambo ambalo wengi hawalizingatii. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na katika gari linalosukumwa na nyuma, gia pia hushika magurudumu hayo hayo. Ukiyainua hewani, breki na gia zote hazina tena cha kushika, na gari laweza kubingirika kwa magurudumu ya mbele. Kinacholizuia ni kabari tu. Kwa hivyo yatie kabari magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma yake, kabla ya kuigusa jeki. Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mikono kwa nguvu. Likitikisika, lishushe uanze upya. Kisha lala gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari, liwe ngao ya pili.

Ufunguo wa gari ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, na injini isiwashwe kamwe mtu akiwa chini. Awepo mtu mzima karibu, mwenye simu, anayejua kwamba kuna mtu chini ya gari. Watoto wakae ndani. Kikoi na kanzu si nguo za kazi hii, kwani hunasa. Vaa suruali na shati la kubana, miwani ya kulinda macho, na glavu.

Baada ya hayo kazi yenyewe ni nyepesi. Endesha gari kama dakika kumi ili oili ipate uvuguvugu na itiririke, kisha liache lipoe kiasi cha kugusika, na ujihadhari na bomba la moshi ambalo hubaki na moto. Fungua kwanza bolti ya kujazia, iliyo juu, kabla ya bolti ya kumwagia. Hii ni kanuni isiyovunjwa, kwa kuwa ukishamwaga oili kisha bolti ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari lisiloweza kutembea. Safisha pembezoni mwa bolti kwanza, mchanga usiingie ndani.

Oili ikimwagika katika beseni, itazame. Bolti nyingi za chini zina sumaku. Uji laini wa kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida, ama vipande vya chuma vyenye umbo la meno ni habari ya kumwona fundi. Futa sumaku, badilisha washa, na ukaze bolti kwa kiasi kilichoandikwa, ikiwezekana kwa spana ya kupimia mkazo. Giaboksi nyingi zina kasha la alumini, na mkono mzito huharibu nyuzi za bolti.

Jaza oili mpya kwa pampu ya mkono hadi ianze kutoka katika ukingo wa tundu la kujazia. Oili nzito hushuka polepole, basi subiri itulie uongeze. Magari mengi ya kawaida huchukua kati ya lita 1 na 3 kwa kila sehemu. Usizidishe: oili iliyopita kiasi hutoka povu, hupenya sili za ekseli na huweza kufika katika breki za nyuma. Mtu hudhani amelifanyia gari hisani, kumbe amelinyima breki.

Kwa otomatiki yenye dipstiki, pima kiasi ulichomwaga na urudishe kiasi hicho hicho. Usishangae kikiwa kidogo, kwani sehemu kubwa ya oili hubaki ndani. Kisha, ukiwa umetoka chini na gari limeshushwa, fuata maagizo ya kupima. Mengi hutaka injini iwe na joto na inazunguka, ingawa baadhi ya watengenezaji hutaka imezimwa. Mwisho, zunguka mtaani kidogo, urudi utazame chini kama kuna tone.

Oili iliyotumika ina sumu, na kuigusa mara kwa mara hudhuru ngozi. Nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Mwenye kutaka kuswali na achunguze mikono na chini ya kucha, kwani grisi inayofanya utando huzuia maji ya udhu yasifike ngozini, nayo ni lazima iondolewe. Matambara yasifuliwe pamoja na nguo za watoto. Kubwa kuliko yote, oili isitiwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui kusoma rangi. Yeye huijua chupa. Akinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali na mchukue chupa yenyewe.

Tulipozungumza na wazee wa mitaa yetu, walitukumbusha kwamba nyumba nyingi na misikiti mingi ya mwambao bado hutegemea visima. Ardhi yetu ni ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na kinachomwagwa juu hufika chini upesi. Kumwaga oili uani, katika mtaro wa maji ya mvua, au kuipaka nguzo ili kufukuza mchwa, ni kuitia katika maji ya jirani na hatimaye katika mikoko na bahari inayotulisha. Nayo sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, iliyounda mamlaka ya NEMA, yakataza kutupa taka zenye sumu ovyo. Ihifadhi oili katika dumu lenye kifuniko, liandikwe kwa herufi kubwa, kisha ulipeleke katika gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili chakavu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi twaona kauli hiyo isitumiwe kuwa kichaka cha uzembe. Kutawakali ni baada ya kutekeleza sababu, na sababu hapa ni stendi nne, kabari, ubao na subira. Kina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu, mna haki ya kumwuliza baba kabla hajalala chini ya gari: stendi ziko wapi? Asipokuwa nazo, mwambieni kwa adabu kwamba kazi hiyo yangojea. Gari likiharibika litapata giaboksi nyingine. Nyumba haipati baba mwingine.

Wabillahi tawfiq.