Ukishuka Maungu: Ukungu wa Kasigau

Wikendi ndefu ikifika, sisi wa Nairobi hupita Maungu tumelala kwenye basi, mawazo yote Diani. Poa. Lakini ukishuka hapo stejini, ukakata kona na kufuata barabara ya vumbi kama kilomita 30 hivi, utafika Rukanga. Na juu ya Rukanga kuna ukungu wa bure.

Mlima ni Kasigau, zaidi ya mita 1,600, umesimama peke yake kwenye nyika ya Tsavo. Anza saa kumi na mbili asubuhi na usijifanye mjuaji: chukua kijana wa kijijini akuongoze, mkubaliane bei kabla hamjaondoka. Ndovu hupita huku chini, na huko juu njia hupotea.

Mwanzo ni miiba tu, jua linachoma mpaka simu inalalamika. Halafu miti inabadilika. Inakuwa mirefu, mashina yamevaa manyoya ya kijani, hewa inapoa, na ghafla unadondokewa na matone ilhali hakuna mvua. Ni hivi: upepo wa Bahari Hindi unakuja na unyevu, ukigonga mlima unapanda, unapoa na kugeuka mawingu. Majani yanayanasa, maji yanadondoka. Ndiyo maji yanayoteremshwa kwa mabomba hadi vijijini. Kwa hivyo anayekata mti huko juu anafunga mfereji wa mama aliye chini na mtungi wake. Sijui kama kuna namna rahisi zaidi ya kueleza mambo ya mazingira.

Kileleni usitarajie picha kali. Selfi yangu ni mimi na ukuta mweupe. Beba koti, tafadhali.

Kuna jambo moja ambalo shuleni hatukuambiwa. Mwaka 1915, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika hapa, Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wakawahamisha kwa nguvu, wazee kwa watoto, hadi Malindi. Watu wa mlima wenye baridi wakatupwa kwenye joto na mbu. Wengi walikufa kwa malaria. Ni Pwani ile ile tunayoikimbilia sisi na miwani ya jua. Waliobaki waliruhusiwa kurudi miaka ya 1930, na wajukuu wao ndio wanaokuongoza kupanda.

Ukichoka kushuka, vijijini kuna banda za jamii za kulala.