Je, Wajua? Ua Moja la Alizeti Lina Maua Zaidi ya Elfu

Ukitoka Lilongwe, Malawi, kwenda kambi ya Dzaleka, mwendo wa kilomita 45 hivi, mvua zikielekea kwisha, utapita alizeti zimechanua mashambani. Sasa nijibu: kichwa kimoja cha alizeti ni maua mangapi? Ukisema moja, umekosa! Ni kati ya 1,000 na 2,000, yamebanana kwenye kitako kimoja.

Huamini? Kipasue katikati kwa kisu. Kila kijiti kilichosimama pale ndani ni ua kamili: lina petali 5 zilizoungana zikawa mrija, lina chavua, na chini yake limekalia mbegu yake moja. Kila punje ya alizeti unayoibangua ilikuwa na ua lake peke yake!

Na zile za njano za pembeni, unazoziita petali? Kila moja nayo ni ua zima! Ila ni tasa, halizai hata punje moja. Kazi yake ni kuwaita nyuki. Wewe unaona njano tupu, lakini nyuki huona miale ya urujuanimno, na kwake ncha zinang'aa huku katikati kukiwa na duara la giza.

Shika kalamu uhesabu mistari iliyojipinda kwenye kichwa, kwanza inayokwenda kulia, halafu inayokwenda kushoto. Mara nyingi utapata 34 na 55. Kichwa kikubwa kina 55 na 89. Jumlisha 34 na 55 uone unapata ngapi! Siri yenyewe ni pembe moja tu: kila kijiua kipya huchipuka nyuzi 137.5 kutoka kwa mwenzake aliyetangulia.

Tena maua hayo ya ndani hayafunguki siku moja. Yanaanzia ukingoni yakielekea kati, mzunguko mmoja hadi 4 kwa siku, na kichwa kizima huchukua siku 5 hadi 10. Na sikia hii: kila ua huanza likiwa dume, linasukuma chavua yake nje, kisha kesho yake linageuka jike na kupokea chavua ya wengine. Inama juu ya kichwa kimoja asubuhi utayaona yote kwa mpigo: ukingoni yaliyokwisha kazi, yanayofuata ni majike, kisha madume ya unga wa njano, na katikati kabisa vitumba ambavyo havijafumbuka. Mimi sichoki kuyatazama.

Kichwa kikubwa kuliko vyote kilichorekodiwa kilikuwa na upana wa sentimita 82! Kililimwa Kanada, mwaka 1983.

Alizeti changa hufuata jua kutwa, hilo unalijua. Je, wajua kwamba usiku hurudi yenyewe kuelekea mashariki, kabla hata jua halijachomoza? Ikikomaa inabaki hapo hapo, imetazama mashariki. Watafiti wa California walitangaza mwaka 2016 kwamba vichwa hivyo hupata joto mapema na kutembelewa na nyuki mara 5 zaidi ya vilivyogeuzwa magharibi.

Haya, umepita nyasini pale Dzaleka ukatoka na vijisindano vyeusi kwenye suruali? Hicho ni kishona nguo, chisoso kwa Wachewa, na ni ndugu wa damu wa alizeti! Kila sindano ilikuwa ua. Yale meno 2 au 3 yanayokudunga yapo mahali pa sepali, yale majani madogo yanayolifunika ua kabla halijafumbuka. Mmea mmoja huweza kuzaa mbegu 3,000 hadi 6,000, na majani yake machanga ni mboga.

Saladi nayo imo katika ukoo huo wa alizeti. Iache bustanini mpaka ipande juu na kuchanua, uchomoe kimoja cha vile vipande vya njano vinavyofanana na petali, uangalie nchani: utaona vijino 5. Ni petali 5 zilizoshonana, na hicho kipande kimoja ni ua zima.

Ukoo huu una aina zaidi ya 32,000. Chukua aina 10 za mimea yoyote inayotoa maua duniani, moja hivi ni ya kwao! Kilimanjaro wamo wanaofika mita 10 kwenda juu, kule kwenye baridi kali. Na muhugu, ule mti mgumu ambao wachongaji wa Kenya huutengenezea vinyago vya twiga na tembo, nao ni wa ukoo wa kishona nguo.